Mkakati wa TEHAMA wa duka la nondo na misumari

Duka la shangazi yangu liko Igoma, Mwanza, na lina idara ya TEHAMA ingawa mwenyewe hajawahi kuiita hivyo. Idara hiyo ina simu janja mbili, moja imepasuka kioo. Mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi. Lipa namba, yaani namba za kupokelea malipo ya simu, za mitandao mitatu zilizobandikwa ukutani juu ya makopo ya rangi. Kundi la WhatsApp la mafundi. Kompyuta ya mtumba iliyofunikwa kipande cha kitenge isiingie vumbi la saruji. Na binamu yangu, ambaye akirudi likizo kutoka chuoni ndiye mkuu wa idara. Hakuna aliyekaa akaipanga. Mashine iliingia kwa sababu sheria inataka. Lipa namba ziliingia kwa sababu vijana wa mitandao ya simu walipita mtaani wakizisajili. Kompyuta iliingia kwa sababu kuna mteja alishindwa kumalizia deni la mabati akaiacha hapo.

Basi shangazi akanipigia. "Baba, nataka unitafutie mfumo."

Mimi ni mhasibu, na kila mwenye duka ninayemfahamu siku hizi anataka mfumo, yaani programu ya mauzo na stoo, kama ambavyo kila kijana mwenye kompyuta mpakato anao wa kuuza. Nikamwomba asubiri kwanza, tuandike mkakati. Akaguna. Mkakati kwake ni kitu cha wizara na mabenki, kinazinduliwa ukumbini kwa maji ya chupa na viti vyenye vitambaa vyeupe. Lakini benki ikinunua mfumo mbovu ina mahali pa kufidia. Duka likinunua mfumo mbovu, hela hiyo imetoka kwenye mzigo wa saruji wa wiki ijayo.

Na kuna jambo ambalo wauza mifumo hawalisemi. Duka dogo halianzi kutumia teknolojia siku linaponunua programu. Limeshaanza zamani, bila mpango. Kwa hiyo mkakati wake hauanzi na kununua. Unaanza na kujua duka limeshategemea nini, kitu hicho kiko kwa jina la nani, na kikikatika leo kesho watauza vipi.

Tulichukua kaunta buku, tukapiga mistari minne kwa wima. Kitu, kimesajiliwa kwa jina la nani, nywila anayo nani, kikizimika nini kinasimama. Ilikuwa Jumapili mchana, duka limefungwa, na safu ya kwanza ilijaa haraka. Ya pili ndiyo iliyotukalisha.

Laini ya simu inayopokea oda za WhatsApp, ile iliyoandikwa kwenye kibao nje na kwenye kila risiti ya mkono, ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha muuzaji aliyeacha kazi na kwenda Geita. Lipa namba moja ilikuwa ya jina la binamu. Ukurasa wa Facebook ulifunguliwa na mtu ambaye shangazi anamkumbuka kwa sura tu. Kitu pekee kilichokuwa kwa jina la biashara, kwa namba yake ya mlipakodi (TIN), kikiwa na karatasi zake zote kwenye faili, ni mashine ya EFD, na hiyo ni kwa sababu Mamlaka ya Mapato (TRA) haikumpa nafasi ya kufanya vinginevyo. Watu wanailalamikia ile mashine tangu ilipoanza kuingia madukani mwaka 2010, lakini pale Igoma ndiyo iliyokuwa na nidhamu kuliko wenzake wote.

Usiseme haya ni mambo madogo. Laini ikiwa ya mtu mwingine, siku akiamua kui-swapu, wateja wako wote wameondoka naye, na kisheria hajaiba kitu. Hapa Tanzania unaweza kubonyeza *106# ukaona laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Kila mfanyakazi wa duka alifanya hivyo mbele ya shangazi, na mmoja akakuta laini asiyoijua kabisa. Kumfuata yule wa Geita kulihitaji simu nyingi na nauli yake ya kuja na kurudi, tukaenda naye dukani kwa mtandao husika, laini ikahamishwa. Alikuja kwa moyo mweupe. Mwingine asingekuja.

Tukaweka kanuni ya kwanza ya mkakati, nayo ni fupi: laini, akaunti, ukurasa au lipa namba ya duka haiwi kwa jina la mtu anayelipwa mshahara, wala la mtoto wa ndugu. Mimi nikiwemo.

Safu ya nne, ya kikizimika nini kinasimama, shangazi aliidharau mpaka nilipoanza kumkumbusha. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp ilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita. Mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 tulikuwa kwenye mgao wa umeme. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, intaneti ikawa ya kubahatisha kuanzia hapa mpaka Msumbiji. Na kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mtu anayekuuzia mfumo unaoishi kwenye mtandao tupu, usiofunguka bila bando, muulize siku zile wateja wake waliuzaje.

Si kwamba kila kitu lazima kiwe na jenereta nyuma yake. Kuandika tu kunatosha mara nyingi. Malipo ya simu kwa menyu ya kubonyeza namba hayahitaji intaneti, kwa hiyo mteja mwenye kitochi analipa hata siku hiyo. EFD ina betri, inahifadhi risiti na kutuma mtandao ukirudi. Kilichobaki ni mauzo: tukaamua kuwe na kitabu cha risiti chenye nakala, kiko droo ya pili, na mtandao ukirudi muuzaji anaingiza risiti zote kabla ya kufunga siku. Droo ya pili imeandikwa kwenye mkakati. Mambo ya namna hii yasipoandikwa, siku ya tukio kila mtu anatafuta kitabu na hakuna anayekumbuka kama kilibaki na kurasa.

Sasa niingie kwenye bidhaa, kwa sababu hapa ndipo mifumo mingi ya maduka ya vifaa vya ujenzi hufia, na ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko kote.

Duka la dawa linanunua boksi na kuuza boksi au vidonge. Duka la soda ni kreti na chupa. Duka la vifaa vya ujenzi ni balaa. Nondo zinanunuliwa kwa tani na kuuzwa kwa kipande. Misumari inakuja kwa katoni, inauzwa kwa kilo, na kuna fundi anayetaka robo. Rangi ni ndoo ya lita 20 au galoni ya lita 4, na siku ya shida mteja anaomba apimiwe lita moja. Waya wa umeme ni rola, lakini unauzwa kwa mita. Saruji ni mfuko wa kilo 50, isipokuwa uliochanika, ambao una bei yake na unauzwa kwa ndoo ndogo kwa mama anayeziba ufa.

Programu nyingi za bei nafuu zina kizio kimoja tu, yaani kipimo kimoja cha kuhesabia, kwa kila bidhaa. Ukiingiza nondo kwa tani huwezi kuuza kipande. Ukiingiza kwa vipande, ankara ya muuzaji wa jumla hailingani na kitu. Nondo ya milimita 12 ikiwa kamili ina uzito wa kama gramu 888 kwa mita. Kipande cha mita 12 ni kilo 10 na ushee, hivyo tani moja ni takribani vipande 94. Ya milimita 10 ni takribani vipande 135. Sasa tuseme aliyeweka mfumo alikadiria 90 kwa tani, kwa sababu ni namba nzuri ya duara. Kila tani inapoingia, kuna nondo nne zilizopo stoo ambazo kompyuta haizijui. Zikitoka usiku, hesabu italingana, ripoti itatoka safi, na utampongeza mtunza stoo. Kwa upande wa pili, tani ikija na vipande 105, usishangilie. Hizo nondo ni nyembamba kuliko zilivyoandikwa, au ni fupi, na kuna nyumba ya mtu itazibeba.

Kwa hiyo kabla ya kuongea na muuza mfumo yeyote tuliorodhesha bidhaa zote, kizio cha kununua, kizio cha kuuza, na kimoja kinazaa vingapi. Kazi hii haihitaji kompyuta. Inahitaji mizani, futi kamba, na mtu wa kusimama stoo na mwenye mali.

Halafu majina. Vijana watatu wa kaunta walikuwa na majina matatu kwa kitu kimoja. Misumari ya bati kwa huyu ni misumari ya kofia kwa yule. Mmoja anaandika "bomba nusu" akimaanisha bomba la maji la nusu inchi, mwingine akimaanisha koki. Ukiwapa hawa mfumo bila kupatana majina, baada ya miezi mitatu una koki hasi 40 na mabomba ambayo hayapungui. Tuliamua jina liwe lile fundi analotamka anapofika kaunta, likifuatiwa na kipimo, na kila kitu kipewe namba. Binamu alitaka majina ya kwenye katalogi za viwanda. Nilimkatalia. Anayetafuta bidhaa kwenye skrini huku foleni imefika barabarani ni muuzaji, siyo kiwanda.

Madeni nayo. Kila anayeuza vifaa vya ujenzi anajua kwamba faida ya kwenye karatasi na hela ya mkononi ni ndugu wasioonana. Fundi anachukua mabati mwenye nyumba hajalipa. Wenye maduka madogo ya Magu na Misungwi wanachukua kwa mali kauli. Shangazi ana daftari la madeni, na daftari hilo ni la kutisha kwa usahihi wake. Anajua nani analipa baada ya mavuno ya pamba na nani analipa akiona aibu. Nikamwuliza swali moja: jumla ya madeni yaliyopita siku 60 ni kiasi gani? Hakuweza kujibu, kwa sababu daftari limepangwa kwa majina, halijapangwa kwa tarehe. Hapo ndipo alipoelewa, kuliko maelezo yangu yote, kazi ya mfumo ni nini. Swali hilo tukaliandika juu ya ukurasa: mfumo wowote usioweza kulijibu kwa kubonyeza mara mbili, hatuununui hata ukiwa na michoro ya rangi.

Daftari hilo lina majina, namba za simu, na maneno mengine ambayo wadaiwa wasingependa kuyasoma. Likihamia kwenye kompyuta linaingia wazi kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Ile tabia ya kumpiga picha mdaiwa sugu na kumwanika kwenye kundi la mafundi tumeipiga marufuku. Shangazi alisikitika kidogo. Ilikuwa inafanya kazi.

Wauza mifumo walikuja. Wote walizungumzia wingu, yaani data kukaa mtandaoni, na mmoja alisema akili mnemba mara nyingi kiasi kwamba mtunza stoo alitoka nje kupakia saruji. Nilikuwa na maswali yangu. Naweza kutoa data zangu zote kwenye Excel leo hii, mbele yako, bila kukuomba? Muuzaji akifuta mauzo, jina lake linabaki mahali gani? Kila mtu ana PIN yake au wote wanaingia kwa jina la bosi? Intaneti ikikatika naendelea kuuza? Risiti ya TRA inatoka humohumo au naandika mara mbili? Na Jumamosi saa tisa alasiri, duka limejaa, nani anapokea simu yako?

Swali la Excel ndilo lililowapunguza. Mmoja alikiri kwamba data zinatolewa "kwa maombi maalumu", maana yake ukitaka kuhama unalipia mali yako mwenyewe. Tuliyemchagua si mwenye skrini nzuri kuliko wote. Vizio viwili alikuwa navyo, na alikubali mwezi mmoja wa kwenda sambamba na daftari kabla ya kulipwa kamili. Mwezi huo ulikuwa mchungu kwa wauzaji, kuandika kila kitu mara mbili, na wanaoruka hatua hii wanajidanganya. Ndani ya mwezi huo ndipo tulipogundua kwamba punguzo anazotoa shangazi kwa mdomo, "mpe tu, ni mtu wetu", hazina mahali pa kuingia. Sasa zina kitufe, na mwisho wa wiki zina jumla. Jumla ya kwanza alipoiona alinyamaza.

Kuhusu vifaa nitasema kifupi. Kompyuta ya deni la mabati ilikuwa ya Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, na haikuweza kupanda kwenda Windows 11. Ukinunua ya mtumba, uliza prosesa ni ya kizazi cha ngapi. Kwa Intel, chini ya cha nane Windows 11 haiitambui rasmi, na fundi atakayekulazimishia atakuachia wewe matatizo. Tulichukua kompyuta mpakato badala ya ya mezani, kwa sababu ina betri yake na umeme wa Igoma una tabia zake. Router ikapata betri ndogo. Kompyuta ya zamani binamu aliisafisha, ikabaki kwa ajili ya kuandika barua.

Nakala za data: moja kwenye kompyuta, moja mtandaoni, moja kwenye diski ya nje ambayo shangazi huenda nayo nyumbani kila Jumamosi kwenye pochi yake. Risiti za EFD za manunuzi zinapigwa picha siku hiyohiyo, maana karatasi ile inafifia kabla ya miaka mitano ambayo sheria ya kodi inataka kumbukumbu zitunzwe.

Utapeli ulipata ukurasa wake. Tanzania nzima inaujua ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na bado unaokota watu. Kwa duka hatari kubwa zaidi ni mteja anayekuonyesha meseji ya malipo kwenye simu yake, ameiandika mwenyewe nje pale. Kanuni: mzigo haupakiwi mpaka ujumbe ufike kwenye simu ya duka, hata kama dereva anapiga honi. WhatsApp iliwekewa PIN ya hatua mbili. Kila jioni muuzaji analinganisha vitu vitatu, ripoti ya Z ya EFD (jumla ya mauzo ya siku), taarifa ya lipa namba, na fedha taslimu kwenye droo, na tofauti inaandikwa hata kama ni shilingi mia mbili. Kwa macho ya mhasibu, hiki ndicho kipande chenye thamani kuliko programu yenyewe, na hakikugharimu kitu.

Gharama tulizipiga kwa miaka mitatu. Bei ya kununua ndiyo inayotangazwa. Ada ya mwezi, bando, karatasi za risiti, fundi, na mshahara wa siku ambazo watu wanajifunza badala ya kuuza, hizo hazitangazwi. Tulipoziweka pamoja, mfumo uliokuwa wa bei ya chini kwenye kipeperushi ulishika nafasi ya pili kwa ughali.

Kuna vitu tulivifuta. Tovuti imefutwa kwa sasa. Fundi wa Misungwi hatafuti nondo kwenye tovuti saa moja asubuhi, anapiga simu. Tulichofanya ni kuweka duka kwenye ramani ya Google na namba sahihi, na orodha ya bei kwenye WhatsApp Business. Programu ya simu ya wateja, ambayo binamu aliitetea kwa machozi, nayo imefutwa. Kamera nilizipinga na nikashindwa. Shangazi alisema stoo ni yake, akazifunga.

Ukurasa wa mwisho unahusu Sengerema, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wateja wa ng'ambo hawasubiri tena kivuko. Wanaagiza asubuhi na lori linarudi mchana huohuo. Shangazi anawaza tawi. Aliuliza kama litahitaji mfumo wa pili. Nikamwambia litahitaji akaunti ya pili ndani ya mfumo uleule, lipa namba yake lenyewe, orodha ileile ya majina ya bidhaa, na mtu wa kaunta mwenye PIN yake.

"Na huyo mtu wa kaunta wa kuaminika," akasema, "naye umemwandika humo?"

Hayumo.